Homa ya Saa Kumi

Asubuhi alikuwa mzima, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Ungemwona binti yangu asubuhi akikimbiza kuku wa jirani kati ya mistari ya nyumba za kambi ya wafanyakazi, ungesema mama yake ana wazimu, anamtafutia mtoto ugonjwa asio nao. Ngoja sasa jua lianze kuteremka upande wa shimine, lile bomba refu la moshi wa shaba ambalo mji mzima wa Elisabethville uliliona kutoka kila kona. Hapo alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akajilaza mapajani pangu, na mwili umekwisha kushika moto. Si moto wa kutisha. Moto mdogo tu, kama wa sufuria iliyoepuliwa kitambo. Na kikohozi juu yake, kikavu, kifupi, kisichokwisha.

Homa kubwa ina heshima yake. Mtoto akitetemeka na kuweweseka, kila mtu anakimbia, bwana anaomba ruhusa kazini, majirani wanaleta maji na maneno ya kutia moyo. Lakini homa ndogo ya kila siku, nani atakukimbilia? Nilimwambia mwanamke wa mlango wa pili, "Mutoto iko na moto." Akamgusa kwenye paji, akacheka. "Aa, mama, ile haiko kitu. Jua ya leo ilikuwa kali." Nikamwambia bwana yangu aliporudi zamu, akasema ni jua. Siku ya mawingu nikawauliza wote wawili jua liko wapi.

Mimi ni mtu wa Kasenga, nimezaliwa kando ya mto Luapula, na watu wa kwetu hatujui kumeza neno. Nikawa nasema kila siku, na kila siku nikaonekana mwanamke wa kusumbua watu. Mtoto alikuwa hajafika umri wa shule. Nilikuwa naye mmoja tu.

Nyumbani tulikuwa wanne: bwana yangu aliyefanya kazi kwenye matanuri ya shaba, mimi, mtoto, na mama yake bwana. Lazima nieleze yule mama alifikaje kwetu, maana hakuja kwa sababu ya ugonjwa wala njaa. Alikuja kwa sababu ya chumvi.

Bwana yangu ni Muluba wa kaskazini, baba yake alitoka huko kufuata kazi ya reli. Kwao kama kwetu, mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Akitia, wanaokula watashikwa na kifua, na mtoto ndiye wa kwanza kushikwa. Ndivyo tulivyolelewa, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kijijini haikuwa shida. Unaita msichana mdogo ambaye bado hajavunja ungo, au mwanamke mzee aliyekwisha kuachana na mambo hayo, anatia chumvi, basi. Lakini kambini! Wanawake wote tulikuwa wa umri mmoja, tumeletwa na mabwana zetu kutoka kila upande, kila mmoja na desturi zake na siku zake. Nilipita mlango kwa mlango na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mikononi nikitafuta mkono safi. Nikikosa, bwana yangu alikula bukari, ugali wetu, na mboga isiyo na chumvi, anatafuna huku anatazama ukuta. Siku moja akasukuma sahani. "Basi. Nitaita mama."

Akaja na treni ya kaskazini, na mkeka wake, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kiko cha tumbaku. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maana mama wa bwana ni mama wa bwana. Hakunipa nafasi. Siku ya kwanza aliingia jikoni, akaonja mboga, akatia chumvi, akasema, "Mwanangu, unajua kupika. Mimi nilimufundisha ule bwana yako kula vibaya, unisamehe." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo chumvi ilikuwa kazi yake, hata siku ambazo mkono wangu haukuwa na kosa.

Na mtoto akawa wake. Bibi kwetu tunamwita kambo, na neno hilo ndilo binti yangu alianza kulisema sawasawa kuliko yote. Kambo alimtafunia karanga, akamtilia kinywani kama ndege. Kambo alimlaza kwenye mkeka wake, kifua kwa mgongo, ndani ya blanketi moja, maana Juni ya Katanga si mchezo. Alikohoa, ndiyo. Lakini mtu anayevuta kiko kile cha tumbaku kali, asipokohoa yeye, akohoe nani? Bwana yangu alimtania, "Mama, ile kiko itakukamata." Naye alijibu kwamba kimemshindwa tangu ujana wake. Sote tulicheka, na hatukufikiri zaidi ya hapo.

Basi, homa. Nilianza na dispensari ya kambi, kama inavyotakiwa. Muuguzi mmoja wa kiume, kijana mwenye miwani, akasema ni malaria, akatupa kinini. Mtoto alitapika kinini, nikamshika pua, akameza. Homa ikapungua kidogo, nikamshukuru Mungu, kisha saa kumi ikarudi na kikohozi chake. Nikarudi. Wakasema minyoo. Tukapewa dawa ya minyoo, ile ya mafuta yenye harufu ya kukufanya uchukie kula wiki nzima. Minyoo ikatoka kweli, mirefu, nami nikafurahi kuiona kama mtu aliyekamata mwizi. Saa kumi homa ikaja.

Nikarudi tena. Safari hii wakasema ni masalio ya surua, maana surua ilikuwa imepita kambini na kumwacha mtoto na macho mekundu. Kikohozi cha surua hukawia kwisha, walisema, nivumilie. Nikavumilia. Mwingine akasema masikio, akachungulia masikioni, hakuona kitu. Mwingine akasema ni vumbi la kiangazi na moshi wa matanuri, na hilo nililiamini kwa muda mrefu, maana upepo ukigeuka, moshi ule ulishuka kambini ukakwaruza koo la kila mtu. Nikafunga dirisha. Tulikaa ndani ya chumba kisicho na hewa, mimi, mtoto na kambo, mchana kutwa, na moshi ukabaki nje. Nilijiona mwenye akili sana.

Dawa za dispensari zilipoisha, zikaanza dawa za midomo. Jirani wangu mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alikuja na sahani ya mihogo na shauri.

"Mama, sitaki kukuumiza. Lakini mutoto akikohoa hivi, bantu banajua. Baba iko na mwanamuke inje. Anarudia na ile joto ya inje, anamubeba mutoto, mutoto anapata kifua."

"Bwana yangu?"

"Fasi moshi iko, moto nayo iko, mama."

Nilimrudishia sahani na mihogo yake. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuingia. Bwana yangu aliporudi, amechoka, uso umejaa masizi, nikamuuliza kabla hajavua viatu. Alinitazama. Akasema, "Mimi? Na nguvu gani?" Na kweli, mtu anayesukuma makaa ya tanuri tangu alfajiri anapata wapi nguvu za mwanamke wa pili? Lakini mimi nilikuwa nimeshika kamba, sikuiachia. Tuligombana mpaka mama yake akatoka uani na kusema kwamba mtoto wake ana makosa mengi, hilo hana. Akamshika mjukuu, akaenda kukaa naye kizingitini. Nilimsikia akimwimbia, na kila mstari ukikatwa na kikohozi, mara chake, mara cha mtoto.

Jirani hakukata tamaa. Akarudi, safari hii bila mihogo. "Kama si baba, basi chumvi. Nani anatiaka chumvi kwenu?"

"Mama ya bwana yangu. Mwanamuke muzee. Mukono safi kuliko wako na wangu."

Akageuka akaenda zake, na mimi nilirudi ndani nimeshinda. Hasira ina raha yake ndogo. Niliipata siku ile, nikalala nayo.

Kambo hakukaa bure. Alichemsha majani ya mkalitusi, akamfunika mtoto na blanketi ajifukize. Alimpaka mafuta ya mawese kifuani. Alikwenda hadi Kampemba, mbali na kambi, kwa mwanamke wa kwao aliyeuza mizizi, akarudi jioni anahema, akaiponda mwenyewe. Mtoto alikunywa dawa zote zile chungu bila kulia, mradi kambo ndiye aliyeshika kikombe. Hakuna aliyempigania mtoto wangu kuliko yule mama. Naliandika hili mapema, ili msije mkafikiri vingine.

Halafu ikafika siku ya kupima. Kambini kila mama alipeleka watoto wake wadogo kwenye mizani, alitaka asitake, mbele ya masela, yaani mtawa wa kizungu aliyesimamia mambo ya watoto. Tulipanga mstari, watoto uchi, wanalia. Masela alimpandisha wangu, akasogeza kile chuma, akasogeza tena. Akaita muuguzi. Wakasemezana Kifaransa, nami nikasimama kama mbuzi mnadani.

"Weye," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, mbele ya wanawake wote. "Mutoto inakonda. Posho weye napeleka wapi? Weye nauzisha?"

Yaba! Damu ilinipanda. Posho yangu niuze, mtoto wangu ale nini? Nilisema maneno ambayo mwanamke mweusi wa wakati ule hakuyasema mbele ya mzungu. Nilimwambia kwamba nimekuja pale mara nyingi kuliko yeye alivyokwenda kanisani wiki ile, na kila mara naambiwa jua, minyoo, vumbi, na kwamba kama anajua mtoto wangu anakondeshwa na nini, aseme, nimechoka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanivuta kitambaa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nikapaaza sauti kwamba sikuficha chochote, wao ndio hawakutazama.

Masela alikuwa mwekundu. Nilidhani ataita polisi wa kambi. Akamshusha mtoto, akamshika paji, ilikuwa karibu saa kumi, akauacha mkono pale muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kesho. Hospitali. Mi nitakuwa."

Na kweli alikuwepo. Daktari wa hospitali alikuwa mzungu mzee mwenye mabega yaliyoinama, anatazama kama mtu ambaye hajalala tangu vita. Muuguzi mmoja mweusi alimtafsiria. Hawakutoa dawa. Waliuliza. Anatokwa na jasho usiku? Ndiyo, mpaka blanketi linalowa. Anakula? Anachokonoa tu. Anacheza? Asubuhi. Zamani alicheza mchana kutwa. Walimchoma kidogo kwenye ngozi ya mkono, tukaambiwa turudi waone kama patavimba. Pakavimba, uvimbe mgumu, mwekundu. Wakampeleka kwenye chumba chenye giza penye mashine ya kuona kifua. Alilia akimwita kambo wake, wala hakuniita mimi.

Daktari akasema vitu vingi vinaweza kumpa mtoto homa ndogo na kikohozi kirefu. Malaria isiyotibiwa sawasawa, minyoo inayopita mapafuni, surua, kifaduro, masikio, koo. Waliomtangulia hawakuwa wajinga, alisema, kila kimoja kilikuwa kinawezekana. Akavua miwani akafuta macho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza tangu mwanzo, na mtafsiri akaligeuza.

"Ni nani mwingine iko anakohoa mu nyumba?"

Nilijibu bila kufikiri. "Hakuna. Ni kambo tu. Ile ni ya kiko."

Walitazamana. Daktari akasema jambo kwa upole, taratibu, na mtafsiri akakawia kidogo. Alikuwa mtoto wa nchi hii, alijua analoombwa kulisema.

"Mama," akasema, "munganga anasema hivi. Mutoto iko na kifua kikuu. Kambo njo alimupa ile bugonjwa."

Kwa mzungu, yale yalikuwa maneno ya kazi. Sisi tulisikia kitu kingine. Mwanamke mzee aliyempa mjukuu ugonjwa unaomla polepole, anayelala naye, anayemtafunia chakula: kwetu mtu huyo ana jina, na jina lenyewe ni mulozi. Kwa jina hilo wazee wamefukuzwa vijijini, wamechomewa nyumba. Mtafsiri aliona uso wangu, akaongeza haraka kwamba si uchawi, ni vijidudu, vinatoka na pumzi, mzee mwenyewe hajui. Sikumsikiliza vizuri. Niliuliza jambo moja tu: mtoto atapona?

Atapona, akasema, ziko sindano mpya, za muda mrefu, na hospitali itazitoa. Lakini akiendelea kulala na mwenye kukohoa, sindano ni kumwaga maji kwenye kapu. Mzee aje apimwe, naye atibiwe, kwenye pavilioni, yaani wadi ya wakohozi, nyuma ya hospitali ya serikali. Na kwa umri wake, daktari hakuahidi kitu.

Nilirudi kwa miguu, mtoto mgongoni. Alikuwa mwepesi. Sijui kama mtu anayesoma hapa amewahi kubeba mtoto wake akatamani awe mzito.

Bwana yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Unataka niite mama yangu mulozi? Mama mwenye alinizaa?"

"Si mimi. Ni munganga."

"Munganga anajua nini juu ya mama yangu?" Akaanza kutembea ndani ya chumba kile kidogo, ambamo mtu hawezi kutembea. "Unajua sababu gani alikubali kuja huku haraka vile? Unafikiri ni chumvi? Kule kwetu, batoto ba kaka yangu mukubwa balikufa. Wote balikohoa. Bantu bakaanza kusema. Nikamutoa kule kabla babaya hawajamufanyia kitu. Na sasa weye unamuletea ile ile neno mu nyumba yangu?"

Hili nilikuwa silijui. Nilikaa chini. Nikawaza watoto wale, na mkeka ule, na blanketi moja. Yeye hakuwa amewaza hivyo, au alikuwa amekataa. Nikasema polepole, "Baba ya mutoto, kama walikohoa wote..." Akaweka mkono juu ya kichwa chake.

Alikwenda kazini bila kusema neno, na siku iliyofuata vilevile. Mimi nikamlaza mtoto kwangu kwa visingizio. Mtoto alilia, akatoroka, nikamkuta kwenye mkeka wa kambo. Sindano zilikuwa zinangoja. Niliona kwamba mwanaume huyu atachagua kwa kutochagua, na mtoto wangu atakwisha mbele yetu, kwa heshima na adabu. Nilikuwa nimechoka mno hata kumkasirikia.

Basi nikaenda mwenyewe. Mama yake alikuwa uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilipiga magoti, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Sema tu, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Uso yako imekwisha kusema."

Nikasema. Sikusema "ulimpa". Nilisema kifua chako na kifua cha mtoto ni kimoja, munganga ameona, ni wadudu wa pumzi, wewe huna kosa. Nilisema hivyo mara nyingi, huna kosa, huna kosa. Alikuwa ameacha kuchambua. Alikohoa, akafunika kinywa kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza akakitazama kile kitambaa kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Bale batoto ba mwana wangu mukubwa," akasema mwishowe. "Nililala nabo bote."

Akakikunja kile kitambaa.

"Balisema mi niko mulozi. Nikaapa, mwanangu. Nikaapa juu ya kaburi ya bwana yangu kama mikono yangu iko safi. Na kwa kweli sikujua." Alitikisa kichwa. "Kumbe njo mi."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza kama mtoto atapona, nikasema atapona kama hamtalala pamoja. Akauliza tena, kama mtu anayehakikisha njia. Kisha akachukua ungo wake, akahama kutoka kivulini, akaenda kukaa mbali kabisa, kwenye ukingo wa ua, jua lote juu yake, uso ameuelekeza kwa watu wa nje.

Mzee mwenyewe alimwambia bwana yangu ampeleke kupimwa, wakamkuta nacho, lakini pavilioni haikuwa na kitanda mara moja, ikabidi tungoje. Siku hizo za kungoja ndizo sitaki kuzikumbuka, na ndizo ninazozikumbuka. Mtoto hakuelewa kitu. Alikuwa na kambo aliyemtafunia karanga, sasa ana kambo aliyehamia ukingo wa ua na hamtazami. Alimkimbilia. Mara ya kwanza mzee alisema kwa upole, "Bakia kule, mama yangu." Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo, akajirusha miguuni pake. Mzee akamwondoa haraka kama anayeondoa kaa la moto, akaniita nimchukue. Mtoto akarudi. Nikamchukua. Akarudi tena. Mtoto wa umri ule huwezi kumfunga kamba.

Ndipo yule mama alipobadilika. Niliona kwa macho yangu, nikiwa mlangoni na mwiko mkononi. Binti yangu alikuja mbio, mikono mbele, na mzee akasimama, akashika fimbo ya kufukuzia kuku, akampigia kelele kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Toka! Enda kwa mama yako! Mi sikutaki! Mutoto mubaya, toka!"

Mtoto akasimama. Akapiga hatua moja bado, ya kujaribu, na mzee akaipiga fimbo ardhini mbele ya miguu yake mpaka vumbi likaruka. Mtoto akageuka akakimbia kwangu, akajificha ndani ya kitenge changu, akalia kilio ambacho homa haikuwahi kumliza. Nilimtazama mzee juu ya kichwa chake. Alikuwa amenipa mgongo.

Akafanya hivyo kila siku, mpaka mtoto akaacha kujaribu. Siku bwana yangu alipompeleka mama yake pavilioni, amemchukulia mkeka begani, binti yangu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Nilimwambia, "Agana na kambo." Akatikisa kichwa. Mzee aliona. Akasema, "Muache. Ni vizuri hivyo." Akaenda.

Sindano zilikuwa nyingi, na binti yangu alizichukia. Homa ya saa kumi ikakawia, ikaruka siku, ikarudi, ikaruka tena. Siku moja niligundua jua limezama, nami nilikuwa nimesahau kumgusa paji. Mizani ikapanda. Masela akanishika mkono mbele ya mstari wa wanawake. Kambo alifia pavilioni msimu uleule wa baridi, kabla ya mvua za kwanza. Tulikuwa tukienda kusimama kwenye uzio, bwana yangu na mimi. Mzee aliuliza mtoto anakula nini, anakimbia, ameongezeka? Hatukumpeleka mtoto hata mara moja. Alikataza mwenyewe.

Binti yangu alikua, akaolewa, akazaa. Nimemweleza habari hii yote, si mara moja. Nimemweleza kifua, na watoto wa baba yake mkubwa, na fimbo ile ilikuwa ya nini. Anasikiliza kwa adabu. Anasema, "Ndiyo, mama, ninajua."

Alipojifungua msichana wake wa kwanza, tulikaa kutafuta jina, kama desturi ilivyo, jina la mmoja wa wazee waliotangulia. Tukataja mama yangu, dada zake, wazee wa upande wa bwana wake. Mimi nikalitaja jina la kambo. Binti yangu alimtazama mtoto wake, akamfunika vizuri, akafikiri kidogo.

"Hapana, mama," akasema. "Ule hakunipendaka."